Nyumba ya kupanga imeshika moto na hukukusudia: unalipa nini, hulipi nini, na unajilinda vipi

Kama sai unasoma hii na nyumba bado inanuka moshi, shika moja kwanza alafu hayo mengine tutaongea: usisaini karatasi yoyote leo, na usimtumie mwenye ploti meseji ya "mzee ni makosa yangu, nitalipa yote". Pole mwambie, huo ni utu, nyumba yake imeungua. Lakini kukubali makosa na kuahidi pesa wakati bado unatetemeka na hata hujajua moto ulianzia wapi, hapo ndio wapangaji wengi wanajimaliza.

Mimi yalinipata nikiishi Free Area hapa Nakuru, bedsita ya ghorofa ya pili, kodi elfu saba na dipoziti elfu saba. Usiku kama saa tano soketi ya nyuma ya friji ikaanza kutoa cheche, pazia likashika, dirisha likapasuka, silingi bodi ikaanguka nusu. Majirani wakapanda na ndoo za mchanga, mtu akakimbia chini akazima meni swichi, tukauzima kabla haujavuka kwa nyumba ya pili. Hakuna mtu aliumia, nashukuru Mungu mpaka leo. Asubuhi saa mbili keretaka amesimama mlangoni na karatasi ya kuandikwa kwa mkono, ati nalipa elfu mia moja arobaini na tano, niweke sahihi hapo chini, na nisipolipa kwa wiki mbili vitu vyangu havitoki. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Mama jirani ndiye aliniambia, "Kijana wangu, hio karatasi haina miguu, itakuwa hapo hata kesho." Nikairudisha. Yale nilijifunza baada ya hapo ndio naandika hapa, juu ningepewa mapema ningelala usingizi hio wiki.

Neno "ajali" halikuokoi, na halikufungi

Watu wengi wanafikiria hivi: kama sikukusudia basi silipi. Wenye nyumba nao wanafikiria hivi: moto umeanzia kwako basi ni wako. Wote wawili wamekosea, na ni vizuri ujue sheria inauliza nini haswa.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ardhi ya 2012. Kifungu cha 66 kinasema mpangaji akitoka arudishe nyumba kwa hali ile aliikuta, lakini halazimiki kutengeneza uharibifu wa aina fulani: kuchakaa kwa kawaida, ghasia za raia, radi na majanga ya asili, na hapa ndio penye sisi tunataka, moto au mafuriko au mlipuko au ajali nyingine ambayo haikutokana na uzembe wa mpangaji, wageni wake au wafanyakazi wake. Soma tena hio sehemu ya mwisho polepole. Kumbe swali si kama ulikusudia, na wala si moto ulianzia kwa chumba cha nani. Swali ni kama kulikuwa na uzembe, na kama uzembe ni wako au wa mtu wako. Mgeni aliyekuja wikendi akaacha pasi ndani, huyo ni mtu wako. Dada wa kazi aliyeacha mafuta motoni akaenda kuanika nguo, huyo pia ni wako. Sheria inakuhesabia.

Uzembe nao ni nini? Ni kufanya kitu ambacho mtu mwangalifu wa kawaida hangefanya, ama kukosa kufanya kile angefanya. Sio lazima uwe mbaya.

Rafiki yangu mmoja Kisumu, upande wa Migosi, alikuwa anachemsha maharagwe kwa koili, lile jiko la stima. Stima ikapotea. Akasubiri, akachoka, akaenda zake sokoni Kibuye bila kuchomoa, stima ikarudi yeye akiwa bado anachagua nyanya. Maharagwe yakakauka, sufuria ikashika mpaka kishikio, kabati ikashika. Yeye alikuwa analia akisema ni ajali, na kwa lugha ya nyumbani ni ajali kweli, nani angetaka kuchoma vitu vyake? Lakini kwa lugha ya sheria huo ni uzembe, juu kila mtu Kenya anajua stima ikipotea inaweza kurudi saa yoyote, na mtu mwangalifu huchomoa. Alilipa. Alilipa kidogo kuliko alivyoitishwa, na nitaeleza chini kwa nini, lakini alilipa na ilikuwa haki alipe.

Mimi kwangu soketi ilikuwa ndani ya ukuta, niliikuta hapo, sikuwa nimeongeza kitu, na miezi miwili kabla nilikuwa nimemwandikia keretaka WhatsApp mara mbili kwamba inapata moto ukiishika na inanuka plastiki. Akajibu "sawa fundi atakuja". Hakuja. Hizo meseji mbili ndio ziligeuza hadithi yote. Waya za ndani ya ukuta ni za mwenye nyumba, na kifungu cha 65 cha sheria hio hio kinamtaka mwenye nyumba aikodishe ikiwa inafaa mtu kuishi na aiweke hivyo muda wote unapopanga. Kampuni ya stima nayo kazi yake inafika kwa mita, kutoka mita kuingia ndani ni mambo ya mwenye jengo.

Sasa kuna ile ya katikati, na nyingi ziko hapa. Soketi moja ya kawaida ni ampea 13, na stima yetu ni kama volti 240, ukizidisha unapata kama wati 3,000 hivi. Birika ya stima peke yake inaweza kula wati 2,000. Ukichomeka birika na koili na pasi kwa ekstensheni moja ya mia tatu, ukasikia inakuwa moto ukaendelea tu, hapo ni vigumu kuambia hakimu waya zilikuwa mbovu. Lakini kama breka ilifaa kukata stima ukizidisha na haikukata juu mtu aliweka kubwa kuliko waya, basi makosa yanagawanywa. Shawa za maji moto ndio mbaya zaidi, nyingi zinavuta zaidi ya wati 5,000, inataka waya yake nene na breka yake. Uliikuta imefungwa na waya nyembamba ya taa? Hio ni ya mwenye nyumba. Ulileta yako na fundi wa mtaani akaiunganisha pale pale? Hio ni yako, na haitasaidia kusema fundi ndiye alikosea, wewe ndiye ulimleta.

Kitu kingine kuhusu ushahidi. Anayedai ndiye anathibitisha, hio iko kwa Sheria ya Ushahidi. Mwenye nyumba akisema ulikuwa mzembe, ni yeye aonyeshe. Lakini usikae hapo ukijiambia hana kitu. Kama nyumba ilikuwa imefungwa, funguo ni zako, na moto umeanza juu ya jiko lako, hakimu ataangalia hayo mazingira na atataka maelezo kutoka kwako. Ndio maana saa za kwanza ni muhimu sana.

Saa za kwanza na siku mbili zinazofuata

Watu kwanza. Toa watoto, gonga milango ya majirani, zima meni swichi kama unaifikia bila kupita kwa moto, funga mtungi wa gesi kama unafikika. Maji usimwage kwa mafuta yanayowaka wala kwa stima. Sufuria ya mafuta ifunike. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, kwa hivyo ukisikia harufu usiguse hata swichi ya taa, fungua mlango utoke. Piga 999 ama 112. Zimamoto ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, ni vizuri kuwa na namba ya stesheni ya zimamoto ya kaunti yako kwa simu kabla hujaihitaji.

Moto ukishazimwa usianze kufagia. Najua mikono inawasha kufanya kitu, na mwenye nyumba anaweza kuwa anataka kupaka rangi kesho yake, lakini kile kimeungua ndio shahidi wako. Piga video ukitembea polepole kutoka mlangoni mpaka mahali moto ulianzia, ongea ukisema tarehe na saa. Piga picha ya soketi, plagi, breka, mita, mpira wa gesi, rigyuleta, kila kitu, hata vile havikuungua, juu soketi ya jikoni ikiwa nzima na ya sebuleni imeyeyuka, hio yenyewe inasema moto ulianzia wapi. Ile soketi yangu tuliichomoa na fundi stima ikiwa imezimwa kabisa, mbele ya keretaka na majirani wawili, nikaiweka kwa bahasha ya karatasi, nikaandika tarehe, wote wakaandika majina. Ile bahasha ilikuja kuongea kuliko mimi.

Siku hio hio ama kesho yake nenda polisi kituo cha karibu uandikishe, upewe namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandika matukio. Watu wanaogopa hapa, wanadhani wanajipeleka kushtakiwa. Kuchoma nyumba kama kosa la jinai, kifungu cha 332 cha sheria ya makosa ya jinai, ni mtu aliyechoma kwa kukusudia, na adhabu yake inafika maisha. Wewe hukukusudia. Unaandikisha tukio. Sema tu kile uliona: "saa tano usiku nilikuwa nimelala, nikasikia mlio, nikaona cheche kwa soketi nyuma ya friji." Usikisie sababu. Ukiulizwa ni nini ilisababisha na hujui, sema hujui. Bila OB bima haitakusikiliza, na vitambulisho vikiungua utahitaji abstrakti, ile fomu ya polisi ya vitu vilivyopotea, kuvitafuta upya, so usiahirishe.

Kama gari la zimamoto lilikuja, andikia ofisi yao ya kaunti barua ukiomba ripoti yao. Kama halikuja, kama kwangu, tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya stima na mafuta, sio yule wa kurekebisha redio, aangalie na aandike kwa karatasi yenye jina lake na namba ya leseni. Mimi nililipa elfu tatu na mia tano. Ilikuwa uchungu juu nilikuwa nalala kwa binamu yangu mtaa wa Shabab bila hata blanketi, lakini hakuna pesa niliwahi kutumia vizuri kama hio. Aliandika kwamba waya ilikuwa imelegea ndani ya soketi na ikawa inachoma kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mistari minne tu.

Majirani waliokuwepo, waombe namba zao na waombe wakuandikie kwa meseji kile waliona, wakati bado wanakumbuka. Baada ya miezi mitatu wengine wamehamia mtaa wa Kiti, wengine Lanet, wengine hawataki kukosana na mwenye ploti.

Barua kwa mwenye nyumba

Ndani ya siku chache mwandikie. Kuongea mlangoni hakuna mtu anakumbuka sawa. Heshima iwepo, makosa usikubali, na pesa usitaje. Yangu ilikuwa kama hivi, unaweza kubadilisha:

"Habari mzee. Pole kwa hasara ya moto uliotokea kwa nyumba namba fulani usiku wa tarehe fulani. Nimeandikisha polisi, OB namba hii. Moto ulionekana kuanzia kwa soketi ya ukutani. Kuhusu hio soketi nilimjulisha keretaka kwa WhatsApp tarehe hizi mbili, nimeambatanisha. Nyumba sai haikaliki, kwa hivyo naomba tukubaliane kodi isimame kuanzia tarehe ya moto mpaka itengenezwe. Naomba pia unijulishe kama jengo lina bima. Niko tayari tukutane tuangalie uharibifu pamoja kabla haujatengenezwa. Barua hii naiandika bila kuathiri haki zangu."

Hio ya kodi kusimama sio kuomba huruma. Kifungu cha 65 kinasema nyumba ikiharibiwa na moto ambao hautokani na uzembe wa mpangaji au watu wake, mpaka isikalike yote au sehemu, kodi inasimama, yote au kiasi kinacholingana na uharibifu, mpaka ifae tena kukaliwa. Na kama miezi sita imepita bado haijatengenezwa, mpangaji anaweza kumaliza mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Kama ni nyumba ya vyumba viwili na kimoja tu ndio kimeungua, omba sehemu, usikatae kulipa yote. Na kama moto ni uzembe wako, hii haikusaidii, kodi inaendelea, hapo ni kuongea na mwenye nyumba kibinadamu. Angalia pia mkataba wako wa kuandikwa, mwingine una kipengele cha moto chake. Ukiona maneno kama "mpangaji atalipa hasara yote ya moto kwa sababu yoyote", beba hio karatasi kwa wakili kabla hujajibu.

Hesabu ya hasara, hapa ndio wengi wanaibiwa

Hata kama makosa ni yako kabisa, hulipi kila kitu mwenye nyumba anaota. Unalipa hasara ya moto, humjengei nyumba mpya. Rafiki yangu wa Kisumu aliitishwa elfu tisini. Ndani kulikuwa na kabati mpya ya jikoni, na ile iliyoungua ilikuwa ya zamani milango inaning'inia. Kulikuwa na kupaka rangi nyumba nzima pamoja na choo ambacho hata moshi haukufika. Kulikuwa na sinki mpya, na sinki ya zamani ilikuwa hapo nzima inasafishika. Tulikaa naye chini na kalamu, kitu kwa kitu. Hiki kiliungua? Kilikuwa na umri gani? Kinatengenezeka ama lazima kibadilishwe? Bei yake dukani ni ngapi, hapa duka la mbao na hardwea mbili zilituandikia bei. Ikafika elfu thelathini na moja, dipoziti ikatolewa humo, iliyobaki akalipa kwa miezi minne.

Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba pesa za aina hii, za mtu kutumia kutengeneza kitu, lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe kabisa. Kwa hivyo omba risiti. Karatasi ya fundi ya "jumla 145,000" bila kusema mifuko ya simiti ni mingapi na mabati ni mangapi, hio ni ndoto ya mtu. Leta fundi wako pia akadirie. Mkiwa na karatasi mbili mezani mazungumzo yanabadilika ghafla.

Dipoziti sio mwisho wa deni lako kama kweli uko na makosa, wengine wanafikiria wakiacha dipoziti wametoka. Inaondoa sehemu tu. Na kama huna makosa, inafaa urudishiwe.

Jirani naye, kama moto ulivuka ukachoma televisheni yake, anaweza kukudai wewe ama mwenye jengo kulingana na uzembe ulikuwa wa nani. Usimfukuze kwa maneno. Mwandikie orodha ya vitu vyake pamoja naye, na picha.

Vitisho

Kufungiwa mlango na vitu kushikwa mpaka ulipe hasara ya moto, hapana. Kuna sheria inayomruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji, lakini hio ni kwa deni la kodi, na inafanywa na dalali mwenye leseni, sio keretaka na kufuli. Hasara ya moto sio kodi. Mtu akikufungia, piga picha ya kufuli, rudi polisi na ile ile OB, na uende kwa chifu. Hapa kwetu chifu anasaidia sana kuliko watu wanavyodhani, mimi kesi yangu iliishia ofisini kwake kwa vikao viwili. Niliweka mezani meseji, bahasha ya soketi na karatasi ya fundi. Mzee mwenye ploti alisoma zile meseji akamgeukia keretaka, akamuuliza "hii hukuniambia?" Kumbe alikuwa hajui. Sikumchukia tena baada ya hapo, naye alikuwa ameamka akapata nyumba yake nyeusi na mtu anamwambia ni mpangaji amechoma.

Mkishindwa kwa chifu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iko Nakuru na iko Kisumu pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, pamoja na uharibifu wa mali, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Mwenye nyumba anaweza kukupeleka huko, na wewe unaweza kumpeleka kwa ajili ya dipoziti na vitu vyako vilivyoungua kwa makosa ya waya zake. Kama kodi yako haizidi 2,500 kwa mwezi, wewe uko chini ya baraza la kodi za nyumba, sheria yake ni ya zamani na kiwango hakijabadilishwa. Muda nao uangalie: madai ya uzembe ni miaka mitatu, ya mkataba ni sita. Ukipokea karatasi ya mahakama usiikalie, jibu kwa siku zilizoandikwa hapo juu yake, juu ukinyamaza hukumu inatoka bila wewe.

Bima

Nitaongea hapa kwa uzito juu hii ndio sikuijua kabisa. Mwenye jengo akiwa na bima ya moto, analipwa na kampuni yake. Mpangaji anafurahi anadhani imeisha. Haijaisha. Kampuni ikishamlipa, inaingia kwa viatu vyake, inaweza kukufuata wewe irudishe pesa kama moto ulitokana na uzembe wako. Bima ya mwenye nyumba sio bima yako.

Zako zinaitwa bima ya nyumbani, ni paketi, na mpangaji hachukui yote. Sehemu ya jengo sio yako, hio ni ya mwenye jengo. Sehemu ya vitu vya ndani ni yako, friji, godoro, televisheni. Lakini hio peke yake hailipi ukuta wa mwenye nyumba. Mwambie ejenti unataka pia sehemu ya dhima, yaani ile inalipa kama wewe kama mkaaji umesababishia mtu mwingine hasara, na muulize kwa maandishi kama inashika uharibifu wa jengo nililopanga kwa moto. Hilo swali liulize hivyo hivyo, juu paketi zinatofautiana. Alafu moto ukitokea wajulishe haraka, siku hio hio ukiweza, na usimuahidi mwenye nyumba kitu chochote kabla hawajakubali, wanaweza kukataa kulipa kwa sababu ulikubali makosa bila wao.

Unapoingia nyumba mpya

Piga video siku ya funguo, kila soketi, breka, mpira wa gesi kama uliukuta, na umtumie keretaka WhatsApp siku hio ili tarehe ibaki. Kila kitu kikianza kusumbua, andika. Simu haitoshi, andika. Kama taa zinafifia ukiwasha shawa, andika. Usijibiwe ukanyamaza, andika tena na umtumie mwenye nyumba mwenyewe pia, mimi ningekuwa na namba ya mzee tangu mwanzo pengine fundi angekuja na tusingefika hapa. Na ukishaandika usiendelee kutumia hio soketi, hapo mimi nilikuwa na udhaifu wangu, friji niliiacha hapo hapo juu hakukuwa na soketi nyingine upande ule, na kwa chifu niliulizwa hilo swali na nililijibu kwa shida. Ndio maana nilikubali kununua kioo cha dirisha na pazia nikasahau.

Mpira wa gesi upake maji ya sabuni kila ukibadilisha mtungi, ukiona mapovu usiwashe. Mtungi nunua mahali wanaleta wenye sili yake.

Mkikubaliana

Iandikwe. Iseme nyumba gani, moto wa tarehe gani, nani analipa nini, lini, na iseme wazi kwamba hayo ndio madai yote ya mwisho kati yenu kuhusu huo moto, hakuna mwingine atadai tena, na kwamba kulipa sio kukubali makosa. Shahidi mmoja wa kila upande. Lipa kwa M-Pesa ama benki, usilipe mkononi, na kwenye mkataba andika namba ile utalipia, sio ya keretaka isipokuwa mwenye nyumba ameandika hivyo mwenyewe. Yetu tuliandika kwa ukurasa mmoja ofisini kwa chifu: mimi kioo cha dirisha, elfu mbili na mia nne, yeye waya na silingi na rangi, kodi ya mwezi mmoja na wiki mbili haikudaiwa, dipoziti ikabaki kama ilivyokuwa juu niliamua kurudi kukaa. Fundi mwenye leseni alibadilisha soketi za ghorofa yote ya pili, si yangu tu.

Nakala yangu iko kwa bahasha ile ile ya soketi.